Mwanangu anataka kupigana MMA: je, mchezo huu umezidi ukatili?

Mama mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Daktari, nina kijana wa miaka 19. Tangu sekondari alikuwa akicheza judo, sasa ameiacha, anakwenda mahali wanapofundisha MMA, ule mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka, na anasema mwakani ataingia kizimbani kupigana. Jumapili huamka saa kumi na moja alfajiri kutazama UFC, yale mapambano makubwa ya MMA ya Marekani, kwenye simu. Siku moja nilikaa naye, nikaona mtu ameanguka, amezimia kabisa, na mwenzake bado anamshindilia ngumi za uso akiwa chini. Nililia. Hivi huu ni mchezo kweli au ni ukatili tu? Nimkataze? Na mdogo wake wa miaka 11 ameshaanza kumfuata huko."

Mama, pole kwa uliyoyaona, na asante kwa kuuliza kabla ya kukataza. Mimi ni daktari wa michezo. Wiki nzima nashughulika na magoti na vifundo vya wacheza mpira, na Jumamosi usiku mara nyingi utanikuta kando ya ulingo wa ngumi nikiwa na tochi ndogo mfukoni. Kwa hiyo vichwa vya hawa vijana naviona kwa karibu, tena wakiwa wametoka kupigwa dakika ileile.

Jibu langu ni kwamba MMA haijazidi ngumi kwa ukatili, na katika baadhi ya mambo ina nafuu. Lakini kile ulichokiona, cha mtu aliyezimia kuendelea kupigwa, ni kibaya kama ulivyokiona wewe. Mtu akikwambia "ndiyo mchezo wenyewe ulivyo", usimkubalie. Nitakueleza kwa nini nashikilia yote mawili.

Mchezo huu ulijiharibia jina wenyewe. UFC ilifanya shindano lake la kwanza tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, na waandaaji waliutangaza kama mahali pasipo na sheria. Hapakuwa na madaraja ya uzito. Pambano la kwanza lilimkutanisha Teila Tuli, mcheza sumo wa zaidi ya kilo 180, na Mholanzi Gerard Gordeau. Tuli alianguka, Gordeau akampiga teke la uso akiwa bado chini, jino likaruka nje ya kizimba. Pambano halikumaliza nusu dakika. Wengi walioona kipande kile hawakuendelea kutazama, na hawakujua kwamba mshindi wa usiku ule alikuwa Mbrazili mwembamba, Royce Gracie, mwenye kilo kama 80 hivi, aliyewamaliza wenzake kwa kuwabana na kuwapiga kabali ya shingo hadi wakasalimu amri.

Mwaka 1996 Seneta John McCain wa Arizona aliufananisha mchezo huo na kupiganisha majogoo, akawaandikia magavana wa majimbo yote 50 akitaka upigwe marufuku. Majimbo mengi yalimsikiliza. McCain mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa ngumi, na alizicheza alipokuwa chuo cha maofisa wa jeshi la wanamaji. Sisemi hivyo kumbeza. Nasema kwa sababu karibu kila mtu anayeichukia MMA ana mchezo mwingine wa kupigana ambao ameuzoea kiasi kwamba macho yake hayauoni tena.

Marufuku ile iliusaidia mchezo. Ilibidi watafute sheria ili waishi, na kuanzia mwaka 2000 jimbo la New Jersey likawa na kanuni ambazo leo ndizo msingi wa mapambano mengi duniani. Kupiga kichwa kwa kichwa, kutia vidole machoni, kupiga sehemu za siri, kupiga kisogo na uti wa mgongo, teke au goti la kichwa kwa mtu aliye chini: yote hayo ni marufuku. Gordeau angefanya leo alichofanya Denver, angeondolewa mchezoni. Pambano la kawaida ni raundi 3 za dakika 5, la ubingwa ni raundi 5. Jimbo la New York lilikubali mwaka 2016, Ufaransa mwaka 2020. Serikali hizo hazikukubali kwa kupenda damu. Zilichoka kuona mapambano yakifanyika gizani bila daktari.

Sasa tuje kwa hizo ngumi tulizozizoea. Morogoro kwenu mmemtoa Francis Cheka, na mji mzima ulikuwa ukimshangilia. Sijawahi kupata barua kutoka Morogoro ikiniuliza kama ngumi ni ukatili. Wakenya nao wanamkumbuka Robert Wangila, aliyechukua medali ya dhahabu kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Miaka sita baadaye, Julai 1994, alipigana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Mwamuzi alisimamisha pambano, Wangila akalalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake, akaangukia chumba cha kubadilishia nguo, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26. Yule Wangila aliyesimama akibishana na mwamuzi tayari alikuwa akivuja damu ndani ya fuvu.

Hapo ndipo ninapotaka uelekeze macho yako, mama, kwa sababu kinachotisha kwenye MMA na kinachoua si kitu kimoja.

Ubongo unaelea kwenye maji ndani ya fuvu, na kati yake na utando unaoufunika kuna mishipa midogo ya damu iliyotandazwa kama madaraja. Ngumi ya taya huzungusha kichwa ghafla. Fuvu linazunguka, ubongo unachelewa kulifuata, na ile mishipa inavutika. Ukikatika mmoja, damu inaanza kuvilia polepole. Mtu anaweza kuongea, kutembea na hata kuomba maji kwa muda mrefu, kisha kichwa kikamuuma, akatapika, akaanza kusinzia. Dalili hizo hazina hata tone moja la damu. Ile damu unayoiona ikimwagika usoni kwenye MMA, mara nyingi ni ngozi ya juu ya jicho iliyochanwa na kisukusuku. Inatia hofu, inachafua mkeka, na nyuzi sita za kushonea zinaimaliza.

Kabali nayo hivyohivyo. Ukiiona unasema mtu ananyongwa. Kinachobanwa ni mishipa mikubwa miwili ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Anayebanwa hupigapiga mkono kukubali kushindwa, na asipofanya hivyo huzimia ndani ya sekunde chache. Akiachiliwa palepale, huamka baada ya muda mfupi. Haina usalama wa asilimia mia, na nisingependa vijana waijaribu uani bila mwalimu. Lakini kama ningelazimika kuchagua mwanangu ashindwe kwa njia gani, ningechagua kabali mara kumi kabla ya ngumi ya taya.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichambua kumbukumbu za vipimo ambavyo madaktari waliwafanyia wapiganaji mara baada ya mapambano mjini Edmonton hadi mwaka 2013: wapiganaji 1,181 wa MMA na mabondia 550. Wa MMA walioumia kwa namna yoyote walikuwa asilimia 59.4, mabondia asilimia 49.8. Lakini waliopoteza fahamu walikuwa asilimia 4.2 kwa MMA na asilimia 7.1 kwa mabondia. Kwa maneno mengine, kwenye MMA unaumia mara nyingi zaidi, vidole, pua, nyusi, vifundo. Kwenye ngumi kichwa ndicho kinachobeba mzigo. Sababu haifichiki. Bondia hana pa kupiga isipokuwa kichwa na kiwiliwili, na anaweza kufanya hivyo kwa raundi 12. Mpiganaji wa MMA anaweza kutumia nusu ya pambano akivutana mieleka, akipiga ngwala, akitafuta mkono wa kukunja. Glovu nene za ngumi ziliwekwa kulinda mkono. Zinamruhusu mtu kupiga fuvu kwa nguvu zote usiku kucha bila kuvunja vidole. Glovu ya MMA ina uzito wa gramu 113 tu, na anayepiga ovyo huvunjika mkono.

Kuna na hesabu ya mwamuzi. Bondia akiangushwa huhesabiwa, akinyanyuka kabla ya kumi anarudishwa kupigwa. Nimeshuhudia vijana wakisimama kwenye hesabu ya nane, macho yamejaa maji, miguu haiwabebi, halafu ukumbi unapiga makofi kwa sababu eti ana moyo. Ubongo uliokwisha kutikisika ukitikiswa tena, madhara huongezeka kwa kiasi kikubwa. MMA haina hesabu. Ukilegea, pambano limekwisha.

Limekwisha lini, lakini? Hili ndilo ulilolilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walitazama video za mapambano 844 ya UFC ya mwaka 2006 hadi 2012. Karibu theluthi moja yaliisha kwa mtu kuangushwa au kuzidiwa kwa mapigo. Kwa waliozimia, ilichukua wastani wa sekunde 3.5 tangu pigo lililowazimisha hadi mwamuzi aliposimamisha, na katika muda huo walipigwa kichwani wastani wa mara 2.6 zaidi. Wale waliozidiwa bila kuzimia walikuwa wamepokea wastani wa mapigo 18.5 katika nusu dakika ya mwisho, karibu yote ya kichwa.

Sekunde tatu na nusu ni chache kwa anayetazama kwenye simu. Kwa mtu aliyezimia ni nyingi mno. Mtu mwenye fahamu hukaza shingo, hugeuza uso, huinua mkono. Aliyezimia hana kinga yoyote, shingo imelegea, kichwa kinarushwa huku na huku kikigonga sakafu. Kitabibu sioni cha kuyatetea mapigo hayo. Hayaamui mshindi, kwa kuwa mshindi ameshajulikana. Wapo wapiganaji waliothibitisha kwamba inawezekana kuyaacha: Mark Hunt wa New Zealand alisifika kwa kumwangusha mtu kwa ngumi moja, kisha akageuka na kuondoka zake bila kumwongezea. Alijua kazi imekwisha. Waandaaji wakitaka, wanaweza kuwafundisha waamuzi kuruka mapema na kuwaadhibu wanaoongeza ngumi kwa mtu aliyelala. Mpaka watakapofanya hivyo, nitaendelea kusema sehemu hii ya mchezo ni ya kikatili, na nitasema hivyo mbele ya yeyote.

Sheria nzuri hazimalizi hatari. Las Vegas alikofia Wangila ndiko kwenye usimamizi mkali wa ngumi kuliko sehemu nyingi duniani. Aprili 2016 mpiganaji wa MMA kutoka Ureno, João Carvalho, mwenye miaka 28, alipigana Dublin, akajisikia vibaya dakika kama 20 baada ya pambano, akafanyiwa upasuaji wa ubongo usiku uleule, na bado akafariki siku mbili baadaye. Dublin ina wapasuaji wa ubongo. Wewe uko Morogoro, na mgonjwa wa namna ile kwa kawaida atapelekwa MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 180 za barabara. Hesabu mwenyewe muda huo, halafu muulize mwandaaji wa pambano kama ameshauhesabu.

Kuna na madhara yanayokuja polepole. Mwaka 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland alieleza hali ya mabondia wastaafu walioyumba na kuongea kama walevi bila kunywa kitu. Leo tunajua ubongo unaopigwa mara kwa mara unaweza kuoza polepole hata kama mwenyewe hajawahi kuzimia. Daktari Bennet Omalu, Mnigeria, ndiye aliyeligundua tatizo hilo kwa wachezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani, na mwaka 2016 alilikuta pia kwenye ubongo wa mpiganaji wa MMA, Jordan Parsons, aliyefariki kwa kugongwa na gari akiwa na miaka 25 tu. Huyo hakuwa mzee aliyemaliza kazi.

Ndiyo maana mimi naogopa mazoezi kuliko pambano. Kijana anaweza kupigana mara mbili tatu kwa mwaka, tena mbele ya mwamuzi na daktari. Mazoezini anapigana mara tatu kwa wiki, mbele ya wenzake wanaomcheka akikaa pembeni. Wapo makocha wanaoamini kwamba kichwa "kinakomazwa" kwa kupigwa. Ngozi ya mkono huwa sugu, ubongo hauna usugu. Kila mtikisiko unauacha dhaifu zaidi kwa unaofuata.

Kwa hiyo, kabla ya kumkubalia au kumkatalia kijana wako, nenda huko anakofanyia mazoezi. Usimtume baba yake peke yake, nenda mwenyewe, ukae kwenye benchi saa nzima jioni wanapopigana wao kwa wao. Tazama kama wanapigana kwa nguvu zote kila siku au siku nyingi wanagusana tu. Akipigwa mmoja akayumba, kocha anafanya nini? Kama anamwambia "amka, endelea", umeshapata jibu lako, mchukue mwanao mrudi nyumbani. Kama anamkalisha, anamuuliza maswali, anamzuia kupigana kwa wiki kadhaa na kumtaka aje na karatasi ya daktari, huyo ni mtu unayeweza kumwachia mtoto.

Muulize pia kuhusu uzito. Wapiganaji hujikausha maji ili wapime uzito mdogo, wanajifungia kwenye joto na mifuko ya plastiki mwilini, hawanywi hata funda moja, kisha kesho yake wanapanda kupigwa. Desemba 2015 Yang Jian Bing, Mchina wa miaka 21, alifariki mjini Manila akijikausha hivyo kabla ya pambano, bila kupigwa hata ngumi moja. Kijana wako apigane katika uzito anaotembea nao kila siku. Hapo sina mjadala.

Na siku ya pambano lenyewe, waandaaji wakueleze nani anasimamia, daktari ni nani na gari la wagonjwa limeegeshwa wapi. Ngumi za kulipwa hapa kwetu zina kamisheni yake, na Baraza la Michezo la Taifa lipo. Mwandaaji wa MMA anayeshindwa kukuonyesha kibali, asikuonyeshe na mahali pa kusaini.

Baada ya kila pambano, hata la kushinda, mwanao asilale peke yake usiku huo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maneno yanayokokoteka: mpeleke hospitali usiku huohuo, usingoje asubuhi. Nakumbuka kijana mmoja aliyejibu maswali yangu yote kando ya ulingo bila kukosea, raundi ya ngapi, umepigana na nani, leo siku gani. Nikamfuata chumbani. Alikuwa anavaa shati, anautafuta mkono wa shati haupati, anaingiza na kutoa, anaingiza na kutoa, huku anatabasamu. Tulimpeleka moja kwa moja kupigwa picha ya kichwa, na damu ilikuwa imeshaanza kuvilia. Alipona kwa sababu kulikuwa na gari na hospitali ilikuwa karibu. Wewe mama yake utaona vitu kama hivyo kabla ya daktari yeyote, kwa sababu unajua anavyovaa shati lake.

Hayo yote yakiwa sawa, kijana wa miaka 19 ni mtu mzima na mimi nisingemkataza. Ukimkataza atakwenda kwa siri, na atapigana mahali ambapo hakuna wa kumwangalia. Tena ana mtaji mzuri: miaka ya judo inamwezesha kumaliza pambano kwa mweleka na kabali, bila kupokea ngumi nyingi. Mtie moyo aitumie.

Huyo mdogo wake wa miaka 11 ni habari nyingine kabisa. Judo, mieleka na kubingirika kwenye mkeka ni sawa, tena vitamfaa. Kupigwa kichwani hapana, hata kidogo, hata kwa mchezo, mpaka awe amekua. Kocha atakwambia watoto wanavaa kofia za kujikinga. Kofia hizo huzuia mikwaruzo na kuchanika nyusi, ila kichwa kilichovaa kofia kinazungushwa na ngumi vilevile, na shirikisho la ngumi za ridhaa duniani liliziondoa kwa wanaume wakubwa mwaka 2013. Kocha akisisitiza mapigo ya kichwani, mtoto arudi nawe nyumbani siku hiyohiyo, na kaka yake aelezwe sababu.